Mwalimu Aliyefunga Kitabu Mapema

Dukani alinyoosha kidole tu. Chumvi, kidole. Mafuta ya taa, kidole, kisha anainua chupa ionekane. Mwenye duka alikwisha kumzoea. "Leo umenena mengi, mwalimu," humwambia, naye hutikisa kichwa na kwenda zake. Mgeni aliyefika Gorong'a angedhani ni bubu. Mkewe alilalamika mbele yetu wanafunzi bila kuficha. "Sauti yote anawapa ninyi," alisema. "Mimi naletewa kikohozi."

Mtu huyo ndiye aliyetusomea kila Jumamosi, na alipokuwa akisoma hata wachuuzi wa mnadani waliacha kubishana.

Nimejaribu mara kadhaa kuanza kwa kusema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani. Kila mara nimekata, kwa sababu hayo yanaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote. Nami hufikiria kila sentensi mpaka inachoka kabla haijafika kwenye karatasi. Kwa hiyo nitaandika yale niliyoyaona na kuyasikia tu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kaki lililotiwa viraka kwenye viwiko. Kitabu alikifunga ndani ya kipande cha kitambaa cha amerikani na kukibana kwapani kama mtu abebaye kuku wa kuuza. Kabla ya kusoma alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwuliza sababu, akajibu, "Nikivaa viatu, nasikia viatu." Hakuwahi kueleza zaidi.

Mahali petu palikuwa ghala tupu kando ya uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mnada ulipokwisha, waliouza wameuza na waliokataa bei wamekataa, yeye alifungua milango yote miwili na watu wakaingia. Wengi wao Kiswahili walikijua cha kununulia na kuuzia tu. Ndiyo maana pale mbele kabisa alikaa bibi mmoja mjane, aliyewahi kuishi mjini Musoma, na kazi yake ilikuwa kugeuza maneno yawe ya Kikurya. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Mwalimu alisoma sentensi chache, akanyamaza, bibi akazigeuza, na mara nyingi akazitia chumvi.

Siku moja Mwalimu alisoma habari za bahari. Bibi alifikiri kidogo, kisha akawaambia watu kwamba ni kama ziwa la Musoma, ila Mungu alipofika katikati alichoka kuliwekea ng'ambo. Watu wakacheka sana. Mwalimu alingoja kicheko kiishe chenyewe, akairudia sentensi ile ile, safari hii polepole, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona bahari hiyo. Hakuna aliyecheka tena. Nakumbuka mama yangu alikunja miguu yake, kama anayeogopa kulowa.

Darasani alikuwa mkali kwa namna yake. Hakutaka kelele. Watu wengi huku hudhani kusoma vizuri ni kupaza sauti kama mnadi, na yeye jambo hilo lilimkera kuliko uvivu. Alitutuma tukasome machungani, mbele ya ng'ombe. "Wakiinua vichwa, umeanza vizuri," alituambia. "Wakirudi kula, wamekuamini. Wakikimbia, ulikuwa unapiga kelele." Sisi wasichana tulikwenda na kaka zetu, nao walituchoka mapema. Kaka yangu Chacha alikuwa akilala chini, kofia usoni, huku mimi namsomea beberu.

Zoezi jingine lilikuwa la kijitoni. Mmoja alisimama huku, mwenzake ng'ambo, na wa huku alisoma ukurasa mzima. Wa ng'ambo akishindwa kueleza alichosikia, aliyeadhibiwa ni msomaji. Tulimwambia kwamba maji yanapiga kelele. "Maji yana haki," alisema. "Yako kwao. Wewe ndiwe mgeni, tafuta njia ya kupita."

Lakini jambo ambalo hakulisamehe kabisa lilikuwa kuongeza neno ambalo halimo. Ukiongeza hata "basi" moja, alikusimamisha.

"Umesema nini?"

"Basi, mwalimu."

"Iko wapi?"

Unatafuta kwenye ukurasa, huioni.

"Mwenye kitabu hayupo hapa kujitetea," alisema. "Sema alichosema yeye. Yako utayasema nyumbani kwenu."

Bibi wa mbele aliruhusiwa kutia chumvi, kwa kuwa yeye alisema kwa mdomo wake. Sisi tulikuwa tumeazima mdomo wa mtu mwingine. Tofauti hiyo aliitaja mara nyingi, na kwa muda mrefu nilidhani naielewa.

Mashairi pia aliyasoma, hasa yale yaliyotoka pwani, ingawa kuimba alikuwa hawezi kabisa. Kwaya ya kanisa ilimwomba kwa adabu akae na wasikilizaji. Siku moja alikuja karani wa boma kutoka Tarime, mtu wa pwani, nguo zake zimenyooka, akamsikia akisema shairi kama mtu anayesimulia habari za jirani. Likamchoma.

"Mwalimu, shairi huimbwa," alisema mbele ya watu.

"Huko kwenu, ndiyo. Mmekwisha kulielewa," Mwalimu akamjibu. "Sisi tuache tulielewe kwanza."

"Na mkishalielewa?"

"Tutakuita uje uimbe."

Karani alicheka na kuketi. Jumamosi kadhaa baadaye alirudi, wala hakuimba. Alikaa nyuma akasikiliza shairi la mjane na shamba lake, lililosemwa taratibu, bibi akiligeuza ubeti kwa ubeti. Alipotoka alikuwa akifuta miwani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Mwalimu alikuwa na desturi moja ambayo sisi tuliipenda na wakati huohuo tuliichukia. Jua la alasiri liliingia ghalani kwa mlango wa magharibi, na lilipoigusa nguzo ya katikati alifunga kitabu, hata kama mtu wa kwenye hadithi alikuwa ananing'inia juu ya mto wenye mamba. Tena alijipanga. Alijua ukurasa gani utaangukia wapi, akapunguza au kuongeza mwendo ili jua limkute mahali panapowaka. Watu walinung'unika, wakamwita mchawi, na Jumamosi iliyofuata ghala lilijaa kuliko mwanzo. Desturi nyingine ni kwamba maneno makali hakuyasoma hewani. Alimchagua mtu mmoja kati ya wasikilizaji akamsomea yeye, macho kwa macho.

Jumamosi moja alikuwa anasoma hadithi ya kijana aliyeuza dume la baba yake kwa siri. Baba akajua, akasimama mlangoni. Jua lilikuwa linaifikia nguzo. Na mtu ambaye macho ya Mwalimu yalimwangukia alikuwa kaka yangu Chacha, aliyesimama karibu na mlango kwa sababu alichelewa kufika.

"Moto wa nyumba hii usiuote tena," alisoma, kwa sauti iliyokuwa ya chini, nzito, ya mzee kweli. "Utakachopanda kisiote. Mlango utakaoubisha usifunguliwe. Na mwanao akufanyie kama ulivyonifanyia."

Akafunga kitabu.

Hakuna aliyenung'unika safari hii. Bibi wa mbele hakugeuza neno hata moja. Huku kwetu mzee akisema maneno hayo, yamesemwa. Hayarudi mdomoni yenyewe kwa kuwa mtu amechukua viatu vyake ukutani akaenda kunywa uji.

Jambo la kutisha ni kwamba Chacha na baba yetu walikuwa kweli hawasemezani. Chacha alitaka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ng'ambo ya mpaka, baba alitaka aoe kwanza atulie. Walikuwa wamepatana nusu nusu: ataoa, halafu ataona. Mchumba alikuwa Boke, binti wa watu wa karibu na Sirari, na ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kukubaliwa. Mjomba wa Boke alikuwa mnadani Jumamosi ile. Alisikia yote.

Katikati ya wiki mvua ya mawe ikapiga ulezi wetu na kuuruka wa jirani. Siku iliyofuata ukaja ujumbe kutoka kwa kina Boke: binti yao haendi kwa mtu aliyelaaniwa.

Wazee wakaitisha ritongo, lile baraza lao, na Mwalimu akaitwa. Wanawake hatukukaa katika baraza hilo, lakini lilifanyika uwanja wa mnada, na ukuta wa ghala hauzuii masikio.

"Aliyelaani ni nani?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni mzee wa kwenye kitabu."

"Anakaa wapi?"

"Hakai popote. Ametungwa."

"Basi laana ilitoka kwenye mdomo wa nani?"

"Mdomo ni wangu. Maneno si yangu."

"Mwenye maneno hatumjui," mzee akasema. "Mdomo tunaujua."

"Kurasa mbili mbele anamsamehe mwanawe. Niruhusuni nizisome."

"Ulikuwa nazo Jumamosi, mwalimu. Ukazifunga."

Wakakata shauri kwamba kitabu kile kisifunguliwe tena Gorong'a. Hapo ndipo tulipokwama sote. Msamaha ulikuwa umeandikwa, uko kwapani kwa mtu, umefungwa ndani ya amerikani, na hakuna mahali pa kuusomea. Chacha hakula vizuri. Baba, ambaye hakuwa ametamka hata neno moja la laana, alianza kumsemesha kwa upole wa ajabu, na upole huo ulimtisha Chacha kuliko ugomvi.

Siku mbili baadaye Mwalimu alikuja kwetu asubuhi. "Kitabu kimekatazwa Gorong'a," alimwambia baba. "Sirari hakijakatazwa. Twendeni sote, maana mliosikia ni ninyi." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote niliyowahi kumsikia akiitoa bila kitabu.

Tukaenda: baba, mama, Chacha, mimi, na yeye mbele, haongei. Baba yake Boke alitungoja kwenye lango la boma, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alisema.

"Marahaba. Wewe ndio ule wa kulaani?"

"Ndimi niliyesoma."

"Ni hiyo hiyo. Watu wakaribie. Hiyo kitabu ikae huko."

"Naomba nimalizie tu, mzee."

"Kwa boma yangu, hapana."

Mwalimu alitazama chini bondeni, ambako kijito kilipita. "Ng'ambo ya kijito ni kwa nani?"

"Ng'ambo hakuna mwenyewe. Ni malisho ya ng'ombe."

"Basi nitawaomba ng'ombe."

Nilimwona mzee yule akijizuia kucheka. Mwalimu aliteremka, akavua viatu, akavuka, akasimama juu ya jiwe upande wa pili. Chacha alishuka mpaka ukingoni, upande wetu. Akaanza. Hakupiga kelele. Maji yalikuwa yanaongea, naye akapita katikati yao kama alivyotufundisha, na kila neno lilifika mpaka kwenye uzio, ambako wanawake wa boma walikuwa wamekwisha kusimama. Alisoma jinsi baba yule alivyokosa usingizi, jinsi alivyomfuata mwanawe njiani, jinsi alivyomkuta amekaa juu ya kisiki. Ng'ombe waliinua vichwa. Wakarudi kula.

"Nilisema kwa hasira, mwanangu," alisoma akimtazama Chacha. "Rudi nyumbani. Mlango uko wazi."

Baba yangu alipangusa uso kwa kiganja. Lakini mwenye boma hakutosheka. Akapaza sauti kutoka langoni, "Mdomo uliolaani unapuliza maji, ndio laana inatoka. Bila hiyo ni hadithi tu. Hata nyinyi wa kanisa mnajua."

Kitabu kile nilikifahamu. Nilikuwa nimekwisha kukisoma peke yangu shuleni, tena si mara moja, na nilijua kwamba baba na mwana wanashikana mikono na habari inakwisha. Hakuna maji. Nilijua pia kwamba Mwalimu alikuwa msomaji wa masomo kanisani, na kwamba wazee wa kanisa mambo ya kupuliza maji waliyaita ya gizani. Kilichopita kichwani mwake sikijui. Nilichoona ni kwamba alipiga goti, akachota maji kwa kiganja, akayajaza mdomoni, akayapuliza kuelekea kwa Chacha. Kisha akasimama na kitabu kikiwa wazi mkononi.

"Baba akachota maji ya kijito," alisema, kwa sauti ileile ya kusoma, "akayapuliza juu ya mwanawe, akasema: Panda, kiote. Bisha, ufunguliwe. Zaa, nao wakuheshimu."

Macho yake hayakuwa kwenye ukurasa. Mimi niliona. Sidhani kuna mwingine aliyeona, au labda wote waliona.

Boke ni wifi yangu sasa. Ana watoto wawili, na Chacha hajaenda kwenye chai.

Kanisani walimwondoa Mwalimu kwenye usomaji. Akakaa benchi la nyuma msimu mzima wa mavuno, hajitetei. Mama alipompa pole, alisema, "Sikuwahi kukaa huku nyuma. Nilikuwa nadhani nawafikia. Siwafikii." Walipomrudisha, sauti yake ilikuwa imebadilika, ilianzia ukuta wa nyuma ikaja mbele. Wazee wa ritongo nao walimwachia ghala, kwa sharti ambalo yeye mwenyewe alikwisha kujiwekea: jua hata likivuka nguzo, hafungi kitabu mahali ambapo mtu hawezi kulala napo. Na tangu hapo kibuyu cha maji kilikaa karibu na mguu wake wa kulia kila aliposoma. Hakukinywea kamwe.

Nilimwuliza mara moja tu juu ya yale maneno aliyoyaongeza, yeye aliyekuwa akitusimamisha kwa "basi" moja. Alinyoosha kidole kwenye sleti yangu kuonyesha kwamba nimekosea hesabu.

Mwaka huu nimemaliza chuo cha ualimu. Wakufunzi wangu waliniambia nasoma wazi, bila kosa, na bila uhai. Walidhani sijui. Kumbe najua, na nafanya kusudi. Nimeona neno lililosomwa vizuri likizuia harusi. Tangu siku ile ya ukingoni, kila nikifungua mdomo nafikiria nani anasikiliza, ana ugomvi na nani, neno litamwangukia wapi. Mpaka nimalize kufikiria, sauti imekwisha kufa. Nilikuwa nimeamua kuomba nipewe hesabu peke yake. Saba mara nane haimdhuru mtu.

Kituo changu cha kwanza kimepangwa upande wa Manchira, na njia inapita Morotonga, ambako Mwalimu alihamia. Nilifika kwake wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi. Mkewe alinipokea kwa kunikumbatia. "Amezeeka," alisema. "Sasa hata kikohozi anakibania."

Alitoka ndani na koti lilelile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwalimu," alinijibu. Nikatazama nyuma yangu kuona anamwambia nani.

Tulikwenda wawili mpaka kwenye banda la shule. Watu walikuwa wamejaa, Waikoma, Wanata, na Wakurya wachache, kila kundi na mgeuzaji wake, kwa hiyo kila sentensi ilikuwa na mikia mitatu. Alifungua kile kipande cha amerikani. Kitabu kilikuwa kilekile. Akatafuta ukurasa, akaniwekea mikononi.

"Leo atasoma mwalimu mgeni," aliwaambia watu.

Nilitazama ukurasa. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Naomba mwingine," nilimnong'oneza.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Sijui humu nani ana ugomvi na baba yake."

"Yupo," alisema. "Hakosekani. Usipomsomea, ugomvi wake utakwisha?"

"Ninaweza kumharibia."

"Unaweza. Uliusikia mlango ulipofungwa, na uliusikia ulipofunguliwa. Banda zima hakuna mwingine aliyesikia vyote viwili. Ukiomba hesabu, nitampa nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za hesabu.

Akaondoka, akapita kati ya watu, akaketi benchi la nyuma kabisa. Nikaanza, kwa ile sauti yangu ya chuoni, iliyonyooka kama rula. Kutoka nyuma ikaja sauti kavu. "Huku hatujasikia."

Watu wakageuka wakacheka. Nikainama, nikavua viatu, nikaviweka ukutani. Sakafu ilikuwa ya udongo, baridi. Nikaanza tena, nikiwaza jinsi ya kupita katikati ya maji, na nilipofika kwenye laana nikatafuta mtu wa kumsomea. Nikamchagua yeye. "Moto wa nyumba hii usiuote tena," nilimsomea mzee yule kwenye benchi la nyuma, nikasikia banda linakuwa zito. Aliinua kichwa.

Wageuzaji wote watatu walinyamaza. Kwenye benchi la kati kijana mmoja mwenye shati jeupe alikuwa ameinamisha uso, hamtazami aliyekaa karibu naye. Nje jua lilikuwa limekwisha kushuka na mama mmoja alianza kumfunga mtoto mgongoni. Mkono wangu ulitaka kukifunga kitabu, kwa woga, si kwa desturi.

Nikafungua ukurasa uliofuata.

Nilisoma usiku wa yule baba asiyepata usingizi, nikasoma njia, nikasoma kisiki. Yule mama alimwacha mtoto mapajani akakaa. Nilipofika kwenye mlango ulio wazi nilikuwa nimekwisha kuyahamisha macho yangu kutoka benchi la nyuma, nikamsomea kijana wa shati jeupe, neno kwa neno, kama yalivyoandikwa. Akainua uso. Yakaisha maneno ya kitabu.

Kibuyu cha maji kilikuwa karibu na mguu wangu wa kulia. Sikumwona Mwalimu alipokiweka. Nikainama, nikakichukua.